Mwezi wa Ami Shee

Jumamosi, 29 Machi

Nimeosha vyombo vya daku, nimesoma Biolojia kidogo, nimeshuka horini, mkono wa bahari ulio mbele ya nyumba, kuangalia chombo cha tanga alichotuachia Baba. Ndivyo nifanyavyo kila asubuhi tangu Baba afariki. Maji yalikuwa yametoka, chombo kimekaa topeni.

Leo nimemkuta mtu. Kofia ya buluu, viatu vya kufunga kamba. Alikuwa akigonga mbao kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Ami Shee, ndugu yake Baba, alikuwa naye. Waliponiona, yule mtu aliuondoa mkono haraka.

Nikatoa shikamoo. Ami akasema huyu ni fundi kutoka Gazi.

Fundi gani ana mikono laini namna ile?

Jumapili, 30 Machi

Ami amekula Idi leo. Yeye hufuata mwezi unaotangazwa ng'ambo. Nyumba yetu husubiri uonekane hapa Takaungu, kama alivyokuwa Baba. Kwa hiyo yeye kanzu mpya, sisi saumu.

Alipita barazani akitafuna tende mbele ya kaka yangu Kassim. "Poleni jamani. Mwezi wenu umekosa gari?"

Kassim alicheka. Mimi sikucheka.

Kisha akamwambia Mama kwamba chombo kitaondoka Ijumaa baada ya sala, kwenda Gazi kubadilishwa mbao, kabla upepo wa kaskazi haujaisha kabisa. Kassim atakwenda naye. Mama akasema Mungu awatangulie. Hakuuliza lolote. Mimi nilikuwa na maswali mengi na sikuuliza hata moja. Najichukia ninapokuwa hivi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi yetu. Maandazi, mbaazi, wageni. Nilijificha jikoni na kitabu mpaka wakaondoka.

Alasiri Kassim akaniambia kitu na kuniapisha. Safari si Ijumaa. Ni Jumatano asubuhi. Ami kamkataza asimwambie Mama.

Najua mabaharia hawataji siku yao ya kuondoka. Wanaogopa kijicho. Baba naye aliwaficha watu, hata imamu. Lakini Mama hakumficha. Mama ndiye aliyemfungia mkate wa safari.

Nimeshuka horini. Jina la chombo, Tawakal, limepakwa rangi juu. Rangi bado mbichi, imenishika kidoleni. Anayepeleka chombo kutengenezwa hafuti jina lake. Ami anakwenda kukiuza. Nimeliandika na sasa naliogopa.

Jumanne, 1 Aprili

Nimevunja kiapo. Nimemwambia Mama yote: Jumatano, jina, yule mtu. Alikuwa anakuna nazi na hakuacha kukuna. "Usimdhanie mtu ubaya, mwanangu. Ami yako ndiye baba yako sasa."

Baba alinifundisha kuyajua maji kwa kuhesabu siku za mwezi. Mwezi mosi maji hujaa alfajiri. Kila siku inayofuata huchelewa, karibu saa nzima. Chombo chetu hakitoki horini ila maji yakiwa yamejaa kabisa, maana karibu na mlango wa hori kuna fungu la mchanga. Ukichelewa, maji yanayotoka yanakuburuta hadi juu yake.

Kesho kwetu ni mwezi tatu. Kwa Ami ni mwezi nne, kwa sababu aliuanza mapema. Kwa hiyo atangoja karibu saa nzima zaidi. Atakuta maji yameshageuka.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Nikinyamaza, chombo kitakwama na hakitauzwa. Nilitaka kunyamaza. Nilitaka sana. Lakini Kassim atakuwa ndani.

Jioni nimemwambia Kassim, naye akamwambia Ami. Nilisikia kicheko cha Ami kutoka ukumbini. "Mwalimu huyo! Wamekula Idi siku moja baada ya watu, sasa wanifundishe maji?"

Basi.

Jumatano, 2 Aprili

Nilishuka kabla ya kwenda shule, sare mwilini. Nilikuwa nimechomeka kijiti ukingoni. Jua lilipochomoza maji yalikigusa, yakasimama, kisha yakaanza kurudi. Ami alikuwa bado anakunywa kahawa. Kassim alinitazama. Nikamwonyesha kijiti. Akainua mabega.

Walipotweka tanga, kijiti kilikuwa kimeachwa pakavu. Chombo kilikwenda vizuri, kisha kwa kasi mno, kisha kikasimama. Nilisikia ubao ukilia. Kikalala ubavu juu ya fungu. Kassim akaruka, maji yakamfika kiunoni. Mzima. Nilikaa chini nikalia bila kujificha.

Ubao mmoja wa ubavuni umefunguka. Maji ya jioni yaliingia ndani badala ya kukiinua.

Ami anawaambia watu ni kijicho. Ananitazama mimi anaposema.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimetoka shule nikamkuta yule wa kofia ya buluu mlangoni. Hodi yake ilikuwa ya hasira.

"Namtafuta Shee. Chombo changu kilikuwa kifike Gazi jana."

Mama akauliza, kwa upole kabisa: "Chombo chako kipi, baba?"

Akaeleza jinsi Shee alivyomuuzia. Alieleza vizuri, hakujua anamweleza nani. Mama akamkaribisha chai. Mgeni alipoondoka, Mama akavaa buibui lake akaenda kwa Ami peke yake. Sijui walisemezana nini. Alirudi na ufunguo wa ghala la matanga, uliokuwa kwa Ami. Hakuniambia kwamba nilisema kweli. Alinipakulia samaki, kipande cha kichwa, ambacho kilikuwa cha Baba.

Nilidhani nitafurahi. Sijafurahi. Ami ndiye aliyenifunza kuogelea.

Ijumaa, 11 Aprili

Kassim amemaliza kukalafati ule ubao, kuuziba nyufa kwa pamba. Wiki nzima maji yalikuwa madogo. Sasa yanaanza tena kukua, mwezi unakaribia kujaa.

Asubuhi Mama ameniuliza chombo kitaelea lini kurudi mahali pake mbele ya nyumba. Nimehesabu mara mbili. Nimemwambia sikioni. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukanda unga wa mkate.

Baada ya sala Ami alipita. Hakuingia, alisimama nje ya baraza. Nikatoa shikamoo, akaitikia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Eti mwalimu, maji makubwa ni siku gani?"

Nikamwambia sijui.