Inkuba na Mbabula Tatu

Jumatano, 6 Novemba

Nimeangusha watu wa chuma kumi na wawili leo, kabla ya saa kumi jioni! Mimi Mukabera, miaka arobaini na saba, goti linauma mvua ikitaka kunyesha. Kumi na wawili!

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Épiphanie, mwenzangu wa resto, anachojua ni kwamba wateja wa mchana wakiisha naketi nyuma ya magunia ya makaa na simu, natabasamu peke yangu. Anaamini nimepata mwanaume. Namwacha. Nitamwelezaje kwamba ndani ya mchezo wa simu mwanaume ni mimi? Kipande cha mtu, joho la njano, umeme unamtoka vidoleni. Jina nililompa ni Inkuba — radi, kwa Kinyarwanda.

Kikosi ni watu watatu. Mbogo ndiye capitaine, mwenye ngao. Birindwa ni mganga wetu, anatuponya tukiumia. Wote wako Bukavu. Hatujawahi kusikiana sauti, tunaandikiana tu, na wananiita "mon vieux". Mara ya kwanza niliangalia nyuma nione mzee gani anaitwa. Sasa naitika.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumepigwa. Mara ya sita sasa.

Ni lile Jitu la Chuma. Kila sekunde ishirini linainua mkono kujiponya. Ukilipiga Ngumi ya Radi wakati huohuo linapata kizunguzungu, mkono unashuka. Ukichelewa, nguvu zake zote zinarudi, kama mtu hakufanya kitu tangu asubuhi. Na Ngumi hiyo ninayo mimi tu.

Leo mkono ulipopanda nilikuwa katikati ya Kimbunga. Kimbunga changu! Nakipenda kuliko vyote, adui wanaruka juu kama majani. Lakini ukishakianza hukikatizi, na adui walioruka wanatua mbali na ngao ya Mbogo. Wanarudi kutoka pande zote.

Mbogo kaandika kwa adabu, adabu ile ya kuumiza: Jitu linaondoka mchezoni tarehe 30, saa sita mchana. Inkuba akiwa bado hajapata mpango wa mapigo yake, watamwomba Gracia wa Uvira achukue nafasi yake.

Gracia! Sahani yangu ya jioni nimeirudisha nusu.

Jumanne, 12 Novemba

Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu ameketi meza ya tatu anakula sombe yangu ya majani ya muhogo!

Ni yule Papa Donatien wa mayai. Donatien Balagizi. Kila Jumanne anavuka mpaka wa Rwanda pale Rusizi I, anapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi hapa Kamembe kuchukua trei zake, anakula kwetu, anarudi Bukavu. Mwaka mzima namwuliza kama anataka pilipili. Mwaka mzima anasema kidogo.

Leo nimempelekea sahani, simu yake iko mezani imefunguka. Naona nini? Mbogo mwenyewe, na ngao yake ya pembe. Na pembeni yake joho la njano. MIMI! Nusura nimwagie mchuzi Inkuba mwenyewe.

Nikajifanya napangusa meza ya nne. Ikapanguswa mpaka ikang'aa. Alikuwa anamtumia Birindwa ujumbe wa sauti, na sauti yake si ndogo:

"Ule Inkuba hana mupango. Anagusa-gusa kila kitu, sawa maman mwenye kupikia batu mingi. Mwisho wa mwezi tutamutoa."

Maman mwenye kupikia batu mingi! Akasema hivyo na kijiko cha sombe yangu mdomoni.

Nilienda jikoni nikacheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaacha kucheka. Nimeumia, niseme ukweli. Ningekuwa kweli kijana wa miaka ishirini na miwili, kama nilivyojiandika mchezoni, asingenifananisha na mpishi. Sasa akijua ni mpishi hasa? Angefurahi sana, angesema si niliwaambia. Wasijue. Wasijue kamwe.

Jumatano, 13 Novemba

NIMEPATA!

Saa kumi na mbili asubuhi nawasha mbabula, majiko yangu ya makaa. Bado nimenuna. Naongea na makaa: eti tunagusa-gusa. Nani anagusa-gusa? Nina mbabula tatu na watu arobaini wanaotaka kula saa sita. Ya kwanza naweka maharagwe, kwa sababu ndiyo yanayokawia. Nikishayaweka nayasahau. Yanajiivia. Mimi huku nakata vitunguu, naosha sombe, nageuka ya pili. Sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wanaingia kwenye mafuta mwisho kabisa, na mafuta lazima yawe yamepata moto kabla yao. Mpishi anayegusa kila sufuria, watu wake wanakula saa nane!

Nikasimama na kiberiti kinaniunguza kidole.

Ngumi ndiyo maharagwe! Mimi nilikuwa naitunza, nangojea mkono upande, nacheza na vitu vingine ovyo, kitufe chochote kinachowaka nakibonyeza. Kumbe ipigwe mwanzo kabisa, mlango wa Jitu ukifunguka tu, ijichaji yenyewe huku mimi nafanya mengine.

Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya menyu. Ngumi, sekunde mbili. Kujichaji kwake, kumi na nane. Jumla ishirini — na mkono wa Jitu ni ishirini! Katikati hapo mishale mitano, kila mmoja sekunde tatu. Kumi na tano. Zinabaki tatu, na Wingu, linaloongeza nguvu ya pigo linalofuata, linachukua tatu. Hilo ndilo mafuta ya moto. Ngumi, mishale mitano, Wingu, Ngumi. Hakuna hata sekunde moja inayokaa bure!

Kimbunga hakina nafasi. Sekunde nne, kinaharibu chungu kizima. Nimekitoa kwenye vitufe. Nimekiaga kwa jina. Épiphanie akauliza kama mwanaume wangu ameniacha. Nikasema tumeachana vizuri.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya misa nimefanya mazoezi kwa muda wa saa mbili. Kwenye karatasi ni rahisi!

Tatizo ni macho. Nikitazama vitufe sioni Jitu, nikitazama Jitu sioni vitufe. Na réseau, mtandao wa hapa, wingu likipita tu, picha inaganda, saa ya kwenye kioo inaruka kutoka sekunde ya tano mpaka ya tisa.

Kwa hiyo nahesabu kwa mdomo, na mkono unajua mwendo: ni mwendo wa mwiko kwenye ugali. Mzunguko mmoja, sekunde moja. Miaka ishirini na tano nasonga ugali, mkono huu haujawahi kuharakisha, haujawahi kuchelewa. Nimepima kwa saa ya ukutani ya Épiphanie: mizunguko sitini, dakika moja na sekunde moja! Ile moja naisingizia saa.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeponea tundu la sindano.

Nasonga ugali, nahesabu. Ngumi, moja, mbili. Mshale, moja, mbili, tatu. Sikujua sauti imepanda. Papa Donatien akanyanyua kichwa kutoka kwenye sahani, akauliza Maman anahesabu nini huko. Nikazidi kusonga. Épiphanie — Mungu ambariki, hata hajui alichookoa — akamjibu kwamba naye anashangaa, labda ni novena, zile sala za siku tisa.

Papa Donatien akavua kofia! Akaomba tumkumbuke katika hiyo novena, ana jambo gumu mwisho wa mwezi, lina mtu mmoja anayemwangusha.

Nikasema nitamwombea kila siku. Nikamwongezea maharagwe. Siku nzima nikikumbuka naanza upya kucheka, mteja mmoja kaniuliza kama niko sawa.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Réseau hakuna. Nimehesabu bila simu, nikipangusa meza.

Jumatatu, 25 Novemba

Mikono minne mfululizo tumeishusha! MINNE! Jitu limebaki na robo ya nguvu! Birindwa kaandika kwa herufi kubwa tu, hata sikuelewa neno. Mbogo kauliza: mon vieux, umekula nini? Nikajibu maharagwe.

Tukaanguka wa tano. Si kosa langu. Ngao ya Mbogo ndiyo iliyochelewa, kwa sababu hajui Ngumi yangu inaanza lini, na akitazama nilichoandika pigo limeshapita. Hilo amelikubali mwenyewe. Akaandika la mwisho: Jumamosi tufungue mikro za simu. Inkuba atuhesabie kwa sauti.

Kwa sauti.

Jumanne, 26 Novemba

Papa Donatien kala, kafurahi, kamwambia Épiphanie novena inafanya kazi. Nilimpelekea sahani bila kumwuliza kama anataka pilipili. Nimeanza kuogopa mdomo wangu mwenyewe. Akaishangaa sahani, akaomba pilipili.

Nimejaribu sauti nzito nyuma ya makaa. Épiphanie kaniletea maji ya tangawizi.

Ijumaa, 29 Novemba

Mbogo alikuwa amepanga saa tatu asubuhi. Ikabidi niwakumbushe: kesho ni Jumamosi ya mwisho, huku kwetu Rwanda ni umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, kila mtu yuko na jembe mpaka saa tano. Akaomba msamaha, kasema yeye ni wa ng'ambo, husahau. Tumeweka saa tano na nusu. Jitu linaondoka saa sita. Tuna nusu saa tu, hakuna kurudia.

Nifanyeje? Nikinyamaza, wataniacha. Nikisema, nitakuwa maman mwenye kupikia batu mingi. Nina mawazo mawili tu na yote mabaya: niseme nina mafua, au niseme mikro imekufa. Lakini bila hesabu tutaanguka. Najua tutaanguka.

Na bado — nimeimba nikiosha sufuria! Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nilipokuwa msichana. Ile robo iliyobaki naitaka.

Jumamosi, 30 Novemba

Saa tano na dakika kumi na saba. Naandika nimesimama, viatu vina tope la mtaro tuliokuwa tunauzibua. Maharagwe niliyachemsha jana, yanapata moto mbabula ya kwanza. Sombe ya pili. Mafuta ya tatu. Watu wa umuganda watafika saa sita na njaa ya jembe.

Simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Inkuba yuko mbele ya mlango, joho linapepea. Mzuri!

Mbogo hajaingia. Birindwa anauliza mara tatu yuko wapi.

Saa tano na dakika ishirini na moja. Jamani. JAMANI. Papa Donatien kaingia mlangoni na trei nane za mayai!

Amesahau! Nilimwambia jana mwenyewe na bado amesahau! Amevuka saa kumi na mbili asubuhi kuchukua mayai kwanza, akidhani saa tatu atakuwa kwake. Maduka yamefungwa, moto hazitembei, kakaa kwenye ngazi za stoo mpaka saa tano. Jasho tupu. Akasema:

"Maman, unipatie fasi kwenye réseau inafika. Niko na rendez-vous ya batu."

Miadi yenyewe ni na mimi! Nikamwonyesha meza ya tatu. Mkono ulionyesha wenyewe. Sasa yuko hatua nne kutoka kwangu, ukuta wa mbao katikati, mlango wa jikoni wazi. Kaweka visikio vya simu masikioni. Kwenye kioo changu Mbogo katokea, kasimama bega kwa bega na Inkuba. Kaandika: mon vieux, uko tayari?

Nimeandika: tayari.

Dakika ishirini na tano. Épiphanie ananikumbusha wale sambaza. Kweli, watu watakuja. Sambaza nimewatia kwenye mafuta. Yanalia kwa furaha, afadhali, yatanifunika.

Dakika ishirini na saba. Papa Donatien anamwambia Birindwa afungue mikro. Namsikia mara mbili, ukutani na kwenye simu! Sasa anasema: Inkuba, na wewe. Amesema taratibu, kama mtu anayebembeleza mgonjwa.

Nimefikiria mafua. Nimefikiria mikro kufa. Halafu nimefikiria maharagwe — kinachokawia ndicho kinaanza. Kidole kimebonyeza. Mikro iko wazi. Sijasema kitu bado.

Dakika ishirini na nane. Papa Donatien anakunja uso. Anatoa kisikio kimoja. Anasikiliza. Anakirudisha. Anakitoa tena.

Ni mafuta! Mafuta yangu yanalia kwenye sikio lake na yanalia jikoni!

Haangalii simu tena. Anaangalia mlango wa jikoni. Anaangalia mwiko mkononi mwangu, na kopo la chumvi, na simu iliyoegemea pale, na daftari. Najua anakumbuka novena, nimeona midomo yake inahesabu. Zimebaki sekunde hamsini tuanze. Hakucheka. Kainamisha kichwa kwenye simu, kasema polepole, na sauti imenifikia mara mbili:

"Inkuba, sambaza yako inaungua."

Kweli wanaungua. Épiphanie keshawaepua. Zimebaki sekunde ishirini, mlango unaanza kufunguka, anangojea nihesabu. Kalamu chini, nahesabu!