Njia Zilikuwa Mbili

Kuluthumu shoga yangu, mbili! Njia zilikuwa mbili, na kaka yangu Gharib aliniambia moja.

Nimelala hapa wodini, mguu umevunjika juu ya kifundo, nangoja kupasuliwa. Nesi Kadzo akaniuliza, "Mama, mbona umechagua msumari ukaacha bamba?"

"Bamba lipi?"

Akanieleza. Bamba la chuma hufungwa kwa skrubu karibu na kifundo. Ngozi ya hapo ni nyembamba, kidonda huenda kikakawia kupona, na nitakaa miezi sikanyagi. Msumari hupitishwa ndani ya mfupa kutokea gotini. Nitatembea mapema, ila goti laweza kuniuma kila nikipiga magoti.

Nikipiga magoti, Kuluthumu! Kwani mimi nasujudu mara ngapi kwa siku?

Gharib alipoingia nikamuuliza. Hata haya hakuona. "Dada, arusi ya mwanangu Mahadhi ni miezi miwili ijayo. Nani atatupikia? Wewe utaswali kitini."

Utaswali kitini! Na huyu ndiye niliyemwachia sahihi zangu zote tangu nifiwe na mume.

Nikamwomba kalamu. Akanipa, akidhani nataka kukuandikia wewe. Nikaitisha fomu, nikafuta msumari na jina lake, nikaandika bamba na jina langu. Daktari ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemjibu mara mbili.

Kalamu sijamrudishia Gharib, ndiyo hii. Wanakuja kunichukua. Niombee dua, na umwambie mkewe atafute mpishi.