Shangazi, Hakukuwa na Paka

Shangazi yangu Mwanasha,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini wewe ulinifunza kwamba salamu haingoji jibu, basi pokea. Nakuandikia kutoka Ukunda, kwa mkono wa kulia, ule ulioungua zaidi. Ukiona herufi zimelala upande usinicheke. Vidole viwili bado havijakubali kukunja.

Nimekuja na shukrani na lawama. Naanza na shukrani, maana ndizo nyingi.

Siku niliyotoka hospitali ulisema huyu haendi kwake, anakuja kwangu Msambweni. Shavu la kushoto, shingo na mikono yote miwili imefungwa bendeji, ukanilisha uji kwa kijiko, mimi mwanamke mzima mwenye mume na mtoto. Kila nilipokwenda kuoshwa vidonda ulikaa nje ya mlango ukisoma dua kwa sauti, hadi muuguzi akakuomba upunguze. Ukampunguzia kidogo tu. Jirani akitia kitu kwenye mafuta moto, nikisikia ule mlio, moyo ulinipaa, jasho likanitoka, nawe ukafunga dirisha bila kuuliza. Ukaacha kabisa kukaanga samaki, wewe ambaye siku bila samaki wa kukaanga uliihesabu ni mfungo. Ulikula wa kuchemsha miezi miwili na uso umeukunja.

Kisha wageni. Watu wetu wana huruma, na huruma yao ina maswali. Kila aliyekuja kunijulia hali aliketi, akatoa pole, akanywa chai, halafu akauliza: ilikuwaje? Nami nilikuwa siwezi kuyasimulia bila kurudi ndani ya moto ule. Zaidi ya hayo nilikuwa na aibu. Nilikuambia wewe peke yako. Nilikuwa nakaanga viazi vya karai vya futari, nikatoka uani kupiga soga na jirani, niliporudi mafuta yameshika moto, nami nikachukua ndoo ya maji nikayamwagia. Mimi ninayeuza viazi tangu usichana wangu! Mimi ninayemwambia kila mtu mafuta yakiwaka yafunike, usithubutu maji.

Ukasema, "Hilo limekufia hapa."

Kesho yake ukaweka kiti mlangoni, ukawa msimulizi wewe. Ukawaambia paka alirukia karai. Yallah, paka yule! Wiki ya kwanza alipita tu karibu na jiko. Ya pili akawa anafukuza panya. Kufikia mwisho wa mwezi panya yumo mdomoni mwake, na paka mwenyewe amekuwa mweusi. Nilikuwa nyuma ya pazia nikicheka mpaka ngozi ya shingo ikavuta. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu nilipoungua. Ulinisitiri, Shangazi, na Mwenyezi Mungu akusitiri nawe.

Hata mshauri nasaha wa hospitali nilimpa hadithi ya paka. Akaandika. Kisha akaniuliza mbona katika kila ndoto ninayomsimulia nimeshika ndoo. Nikasema nimechoka.

Mungu alipokuchukua nikarudi kwangu. Baba Rukia ndiye akawa mpishi, akipika kabla ya kwenda zamu hotelini Diani, mie nimesimama nje mpaka jiko lizimwe. Alasiri moja nikajikaza. Chai tu, nikajiambia, chai hata mtoto anapika. Njiti tatu za kiberiti zikanivunjikia. Rukia alikuwa nyuma yangu, akaanza kulia. Nilidhani naye anaogopa moto.

"Mama," akasema, "ni mimi niliyemfungulia paka mlango."

Shangazi, siku ile kweli alimfungulia paka wa jirani, akampa dagaa. Paka akala akaenda zake, hata viazi sijamenya. Lakini mtoto, niliyekuja naye kwako, alikaa miguuni pako pale mlangoni, akaisikia hadithi yako mara mia, na kila mgeni akimlaani paka. Mwaka mzima na ushei, mtoto wa miaka tisa, ameamini kwamba yeye ndiye aliyemuunguza mamake.

Nikakaa chini sakafuni nikamwambia yote: soga, ndoo, maji. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza basi kwa nini nyanya Mwanasha alisema ni paka. Nikamjibu kwamba nyanya alikuwa akinisitiri, ili watu wasinicheke.

"Na mimi je? Ni nani aliyenisitiri?"

 Hapo ndipo nilipokukasirikia, Shangazi, nikakukasirikia huku nakulilia. Baadaye hasira ikanirudia mwenyewe, maana wewe hukujua, na mimi ndiye mama. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya pazia nikicheka.

Ijumaa iliyopita tulikusomea hitima nyumbani kwako. Baada ya dua mmoja wa wageni wale wale alinishika shavu, akasema maskini, na paka yule mweusi je, aliishia wapi? Nikamwita Rukia aje aketi mbele yangu. 

"Hakukuwa na paka," nikasema, wote wasikie. "Mafuta yaliwaka, nikayamwagia maji mimi mwenyewe. Mwanangu hana kosa."

Nikasimulia tangu mwanzo hadi mwisho, mara ya kwanza mbele ya watu, na sikuanguka. Wengine waliinamisha macho. Mmoja akacheka, mpishi mzima na maji, jamani! Nikacheka naye. Rukia aliwatazama mmoja mmoja, kama anayengoja nani atabisha. Hakubisha mtu. Ndipo akaniomba ruhusa ya kwenda kucheza na wenzake. Tangu moto ule alikuwa haniachi nikiwa na wageni, nasi tukisema mtoto huyu ampenda mamake kupita kiasi. Alitoka mbio bila viatu.

Mafuta bado siyawezi, sikufichi. Chai napika mwenyewe.

Hadithi yako nimeivunja mbele ya wageni wako, ndani ya nyumba yako. Nisamehe, nami nimekusamehe, na mapenzi yangu kwako hayajapungua hata chembe. Pumzika, Shangazi. Mimi ulinisitiri wewe. Rukia niachie mimi.

Mwana wa kaka yako,
Mama Rukia