Nyaya za Kaka Ndunda

Athi River,
Jumapili

Kwa kaka yangu Ndunda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Matuu, wewe na mkeo Syombua na watoto, na kwamba Mama amepata nafuu ya kifua na baridi hii. Mimi niko salama kimwili. Utashangaa mbona sikupiga simu. Kwa simu ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na sistahili.

Kiwanda kinaendelea kushona nguo. Unakumbuka asubuhi zile watu walipojaa getini wakingoja mashine isome vidole vyao, seva, ile kompyuta kuu ya kiwanda, ikijivuta, na waliochelewa kusomwa wakahesabiwa hawakuja kazini. Meneja aliniambia nichague kadi mpya ya mtandao ya kuipa seva nguvu, nami nikajiona mkubwa sana. Wewe ulikuwa umemaliza tu kutuvutia nyaya mpya za mtandao hapa kiwandani, siku tisa juu ya ngazi. Ulinishauri jambo moja: kabla ya kuchagua, nisome orodha ya kadi zinazokubaliana na seva ile. Nilikuitikia, kisha nikachagua kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi.

Kadi ilipofungwa, mtandao ulianza kukatika kila baada ya dakika chache. Meneja akauliza tatizo ni nini. Nikamwambia labda ni nyaya. Nilisema labda, kaka, lakini yeye hakuisikia hiyo labda, akaagiza usikanyage tena pale.

Wiki iliyopita Syombua alinipigia. Alisema shule ya msingi ilikuita uwavutie nyaya ukakataa, ati mikono yako imeharibika na hutaki kuwatia watu hasara tena. Alisema pia ulipanda darini kanisani ukafungua kazi yako yote ya zamani, ukitafuta unapokosea.

Sasa nikwambie. Siku ya tatu baada ya wewe kufukuzwa niliisoma orodha ile. Kadi yangu haikuwemo. Niliomba nyingine iliyomo, ya kasi ndogo, nikaifunga Jumapili watu wakiwa kanisani, na Jumatatu foleni ikaisha. Meneja alidhani nimetengeneza nyaya, akanisifu mbele ya watu, akanipandisha cheo. Nikanyamaza. Miezi minane nimekalia kiti nilichokipata kwa kulichafua jina lako.

Juzi Ijumaa nilimwambia meneja yote. Bado hajaamua atanifanya nini, na akinifuta kazi ni haki yake. Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu urudi shuleni uchukue ile kazi kabla hawajampa mtu mwingine.

Msalimie Mama, lakini usimsomee hii. Nitakuja kumwambia kwa mdomo wangu.

Sikugusa waya hata mmoja, kaka. Kiwanda kizima kinatumia nyaya zako zilezile, na hazijatusumbua hata siku moja.

Ni mimi mdogo wako,
Mumbua