Keke Niliyoichagua Oyugis

Mjukuu wangu Ochieng,

Otieno wangu ametambaa sasa hivi mpaka mlangoni, akasukuma, komeo likamshinda, akanikasirikia mimi. Tuko wazima. Babu yako bado yuko machimboni Macalder. Wewe umenizidi umri, lakini nimeolewa na babu yako, kwa hivyo nikujibu kama nyanya.

Umeuliza ununue keke gani ya kutobolea mbao. Mimi nilitaka ya kutobolea mlango nifunge komeo, maana mtoto alikuwa akifika barabarani ng'ombe wakipita. Huko Oyugis mwenye duka alishika keke kubwa, akatoboa ubao wake laini mara moja.

"Shemeji, mwambie mzee aje ajaribu."

"Mzee yuko Macalder. Mlango uko kwangu."

Nikatoa kikapuni kipande cha mti mgumu kilichobaki wakati wa kutengeneza mlango. Ile kubwa ilinishinda hata kuizungusha. Ndogo ilienda polepole, lakini ikatokea upande wa pili. Nikaichukua.

Basi nenda na ubao wako, uzungushe kwa mkono wako. Wakikucheka usijali, kwa sababu ukifika nyumbani ni wewe na...

Jirani ananiita: "Mama Otieno! Lete keke, na uje mwenyewe, bwana wangu amepinda misumari yote!"