Kabla ya Kugusa Betri, Niulize

Mwaka umetimia leo tangu ututoke, kaka, na sisi wa nyumbani kwako bado hatujapoa. Wengine huandika kumbukumbu wakifuta machozi. Sisi tunaandika tumekunja ndita.

Ulikuwa mpole kupita kiasi. Miaka ishirini na miwili ulipiga kinanda kwenye harusi za watu, na mpiga ngoma asipofika hukumlaumu. Ulibonyeza kitufe, kinanda chenyewe kikapiga ngoma, kikapiga besi, kikapiga na zumari. Ilikuwa bendi nzima juu ya stendi ya chuma aliyokuchomelea mdogo wako.

Wenzako walipohamia kwenye kompyuta walikucheka. "Mzee, hilo jeneza utalizika lini?" Hao hao baadaye wakawa wanagonga mlango, kompyuta kwapani, wakikuomba uwarekodie ile piano yako, kwa sababu ya kwao inasikika safi mno, kama sahani isiyowahi kutiwa chakula. Uliwapa chai, ukawapa na piano. Hukumkumbusha mtu maneno yake. Sisi tungemkumbusha.

Jumapili ulishinda umeinamia kile kiskrini cha kijani, ukitengeneza milio yako mwenyewe na kuipa majina yetu. Kiskrini kinakubali herufi kumi tu, pamoja na nafasi. Tarumbeta ikawa MAMA MKALI. Nyuzi laini zikawa MKE WANGU. Besi yenye mkwaruzo, uliyosema umeigiza grinda ya mdogo wako, ikawa MDOGO WANG.

"Kaka, na hiyo U yangu iko wapi?"

"Imebaki nje. Skrini imejaa."

"Mbona kwa mama hukukata kitu?"

"Nani athubutu kumkata mama?"

Milio yote hiyo ilishikiliwa na betri moja ya duara, kama kifungo cha koti, ndani ya tumbo la kinanda. Ikitolewa, kinanda kinasahau kila ulichokifundisha. Ulilijua hilo, ndiyo maana ulibandika karatasi ubavuni mwake, kwa herufi kubwa: KABLA YA KUGUSA BETRI, NIULIZE.

Miezi miwili baada ya kukuzika, alikuja kiongozi wa bendi yenu, yule uliyemwita Saa Mbovu kwa jinsi anavyopoteza mwendo wa wimbo. Akaazima kinanda. Kiskrini kilipomwonya kwamba betri imechoka, akakipeleka kwa fundi redio bila kumuuliza mtu. Fundi akaitoa, akaweka nyingine, akajaza milio ya kiwandani. Kinanda kikarudi kinang'aa.

"Kimekuwa kipya kabisa," akasema Saa Mbovu, kifua mbele.

"MAMA MKALI iko wapi?" mke wako akamuuliza.

"Shemeji, humo kuna milio mia. Chagua uupendao."

Kipya! Mdogo wako nusura amtie stendi ya kichwa. Alikwenda hadi kwa fundi, akamtukana kati ya redio zake zilizofumuliwa, wateja wakisikia, mpaka fundi akainua mikono. "Bwana mkubwa, si mngebandika basi hata karatasi?"

Karatasi ilikuwepo, kaka. Mdogo wako aliibandua siku ya mazishi. Watu walikuwa wanaingia sebuleni, nayo ilikuwa imechakaa, ina madoa ya chai, akaona inakuaibisha. Akaikunja, akaitupa. Hakuisoma.

Ni mimi. Miezi yote hii namtukana fundi wa watu, na ni mimi.

Lakini na wewe husalimiki. Niulize, niulize! Tukuulize wapi sasa? Kilikushinda nini kumfundisha hata mtu mmoja, au kuweka hata nakala moja? Ulitupa kila kitu ila hicho.

Tangu Jumapili iliyopita binti yako amekaa mbele ya kinanda, anautafuta ule mlio wa besi kwa masikio yake tu. Sisi tuko nyuma yake, tunagombana.

"Ongeza mkwaruzo," nikamwambia.

"Baba mdogo, nikiongeza itakuwa trekta."

"Baba yako alitaka trekta!"

"Hakutaka," mke wako akadakia. "Wewe ndiye uliyetaka. Yeye alikuwa anakuridhisha."

"Nyamazeni wote!" Mama huyo. "Mjukuu wangu, rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo! Toa mkono."

Mjukuu wake akapiga. Ulikuwa wewe, kaka, umeingia na viatu vyako. Mke wako alikwenda dirishani akatugeuzia mgongo. Binti yako akaandika jina, herufi moja moja, akahifadhi. Nikachungulia: MDOGO WANG.

"Mwanangu, na U yangu?"

"Skrini imejaa, baba mdogo."

Bado milio kumi na sita. Tutagombana hadi wa mwisho. Kwa fundi nilikwenda, nikamwomba radhi mbele ya wateja wengine, maana wale wa mwanzo sikuwakuta. Na ubavuni mwa kinanda nimebandika karatasi mpya, na hii nimeisoma: KABLA YA KUGUSA BETRI, TUULIZE.

Tunaokukumbuka ni mama yako, mke wako, binti yako, na mdogo wako asiye na U.

Hakuna siku tutakayokusahau. Na safari hii nakala tumeweka.