Makofi ya Kunyamazisha

Jumatatu, 3 Februari
Leo nimefunga kamba za viatu mpaka mgongo ukaniuma. Nimepangusa makamasi. Nimeamua kesi ya penseli nyekundu iliyonyang'anywa — mlalamikaji na mshtakiwa wakaondoka wameshikana mikono. Hakimu gani anaweza hivyo!

Halafu mwalimu mkuu akaniita. Baba mmoja, dereva wa lori, hataki binti yake afundishwe na mwanaume. Chekechea ni kazi ya akina mama, kasema, na wengine wameanza kumuunga mkono. Alhamisi kuna kikao cha wazazi. Wakinikataa, nahamia darasa la tano kufundisha hesabu. Mkuu ananifariji eti huko nitapumzika. Nani kaomba kupumzika? Kazi hii naipenda, na naiweza. Basi.

Jioni kaka kapiga simu, kanicheka kama kawaida yake: "Mdogo wangu, mwanaume mzima unaimba nyimbo za sungura!" Nikamwimbia ubeti mzima. Akakata simu.

Jumatano, 5 Februari
Binti wa dereva amesema! Tangu shule ifunguliwe hajatoa neno darasani, nami sijamlazimisha; kila siku namwekea tu mkeka karibu yangu. Leo kanikuta nimekaa nimenyoosha miguu. "Mwalimu, kunja miguu." Nikakunja haraka. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Alhamisi, 6 Februari
Kikao. Nilijiandaa kuhutubia — suti, tai, kila kitu. Dereva akasimama, akasema hana ugomvi na mimi, ila watoto wadogo wanamtaka mama. Wakaanza kubishana, kelele mpaka mkuu akashindwa. Hapo mikono yangu ikafanya mambo yake kwa mazoea. Pa — pa — papapa! Makofi ya kunyamazisha chekechea. Mbele ya watu wazima! Nilitamani ardhi ipasuke.

Wakanijibu! Ukumbi mzima: papapa — pa! Kisha kimya, vidole midomoni. Kumbe watoto wanawafanyia hivyohivyo nyumbani. Na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni dereva. Mkewe alicheka hadi akashikilia kiti: "Kila jioni binti yake anamkalisha chini anamfundisha!"

Dereva akainamisha kichwa. Akasema kesho atakuja kuona kwa macho yake, ndipo aamue. Wazazi wakakubali kufuata atakalosema yeye. Kwa hiyo darasa langu liko mikononi mwake.

Ijumaa, 7 Februari
Amefika kabla ya kengele, begi la waridi begani. Nimempa kiti cha ofisini. Binti yake kakataa: kila mtu mkekani! Akakaa, magoti yanakaribia masikio. Ameimba. Amepaka tembo rangi, vibaya sana. Kuhusu uamuzi, hajagusia. Mkuu kachungulia dirishani, kaniuliza kwa macho. Nimeinua mabega.

Sasa watoto wamelala, naandika harakaharaka. Binti yake anakoroma pembeni yangu. Kwenye paja la dereva kalala mtoto wa watu — alikuwa akimlilia mama yake, akawapita wote, mimi nikiwemo, akaenda kujilaza pale. Wivu umenishika kidogo, sikatai. Dereva hathubutu hata kujikuna. Jasho linamtiririka.

Kaninong'oneza: "Mwalimu, huyu akiamka akaanza kulia tena, nafanyaje?"

Mtoto amefumbua jicho moja. Dereva ananitazama mimi.